Katekista Si Kiraka

Hotuba kwa semina ya makatekista na viongozi wa vigango, Malindi

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba paroko uliyetupokea, mapadre na masista, wenyeviti wa vigango na wa jumuiya, wazee wetu, na nyinyi makatekista wenzangu mliosafiri tangu alfajiri, wengine tangu jana: asanteni sana kwa kufika. Majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum. Karibuni, hapa ni kwenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya huduma na maisha ya kiroho katika Kanisa linalobadilika. Baada ya kulizungusha ombi hilo kichwani, nimeona kwamba nina jambo moja tu la kuwaambia. Kanisa letu la huku linaishi kwenye vigango, yale makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, na anayelihudumia siku zote saba za wiki ni katekista, mwalimu wa dini asiye padre. Mabadiliko yasiyofika kigangoni hayajafika popote. Na maadamu tunaendelea kumwona katekista kama kiraka cha kuzibia pengo la padre, basi hata tukizisoma nyaraka zote za Roma usiku na mchana, tutakuwa bado hatujaelewa tulichoambiwa.

Mabadiliko yenyewe mnayajua. Oktoba 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alilialika Kanisa lote katika safari ya Sinodi, yaani mkutano wa kusikilizana na kushauriana, na maswali yakashuka hadi kwenye jumuiya zetu: tunasikilizana? Nani anaachwa nje? Sinodi ilikaa Roma Oktoba 2023, ikakaa tena Oktoba 2024, na kwa mara ya kwanza walei, yaani waamini wasio mapadre wala maaskofu, wanawake kwa wanaume, walipiga kura bega kwa bega na maaskofu. Hati ya mwisho ilipitishwa tarehe 26 Oktoba 2024, na Papa akaipokea jioni ileile na kusema hataandika waraka mwingine juu yake. Kilichosemwa kimetosha, kifanyiwe kazi. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, akatutoka. Tarehe 8 Mei tukapewa Papa Leo XIV, na jioni hiyohiyo, akiwa pale kwenye roshani, akasema anataka Kanisa la kisinodi, Kanisa linalotembea. Sasa tumo katika kipindi cha utekelezaji, kuelekea mkutano mkubwa wa Kanisa huko Roma Oktoba 2028.

Haya yote ni mema. Lakini tuiangalie Jumapili ya kawaida kwenye kigango kilicho mbali na lami, ambako padre hufika mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Wenzetu wa njia ya Garsen kwenda Lamu wanajua: Mto Tana ukifurika, barabara inakatika, na hiyo mara moja nayo inapotea.

Katekista anafika kabla ya watu. Anafungua kufuli, anafagia kinyesi cha popo, anapanga mabenchi. Kitabu cha masomo kimelegea uti, kurasa za Majilio zimeshikwa na gundi ya karatasi. Kiti cha padre kipo pale mbele na hakikalii, maana mwongozo wa mwaka 1988 juu ya ibada za Jumapili pasipo padre umemwelekeza hivyo, naye anautii hata kama hajawahi kuuona kwa macho. Anasimama kando. Anasoma Injili, anaieleza, anaongoza sala za waamini, na kama jana alipata nafasi ya kwenda parokiani, anawapa watu Komunyo Takatifu. Baada ya ibada ndipo kazi inapoanza. Chini ya mwembe kuna foleni. Mama anataka mtoto abatizwe, na baba wa mtoto hajulikani aliko. Vijana wawili wanakaa pamoja bila ndoa na wanaona haya kumwambia padre. Mzee hajiwezi, ameomba mpako wa wagonjwa, na simu ya padre haina mtandao. Ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Katekista anasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, jua likipanda.

Nawauliza: tunapoambiwa na Sinodi kwamba Kanisa lijifunze kusikiliza, tunaambiwa jambo gani geni? Hilo foleni chini ya mwembe lilikuwepo kabla ya Sinodi. Tulichokosa ni kuliona kama huduma halisi ya Kanisa. Tumeliita kusaidia padre.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati yake juu ya umisionari ya mwaka 1965, ulilisifu jeshi la makatekista, wanaume na wanawake, kwa kazi kubwa waliyoifanya ya kueneza imani. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alifungua huduma za usomaji na utumishi wa altare kwa walei wanaume, zikaacha kuwa ngazi za kupandia upadre tu. Januari 2021 Papa Fransisko akazifungua kwa wanawake pia. Mei 10 mwaka huohuo akaanzisha rasmi huduma ya katekista: huduma ya kudumu, anayopewa mlei na askofu kwa ibada maalumu, yenye msingi katika ubatizo na kipaimara. Tarehe 23 Januari 2022, Dominika ya Neno la Mungu, yeye mwenyewe aliwaweka wa kwanza pale Basilika la Mtakatifu Petro.

Msingi wake ni ubatizo, na hapo ndipo teolojia yote ya jambo hili inaposimama. Katekista hapewi sehemu ya upadre kwa mkopo, akainyang'anywa padre akirudi. Anatumia kile alichopewa siku alipomwagiwa maji na kupakwa krisma, yale mafuta matakatifu. Padre akiwepo, katekista bado ni katekista. Mapadre wakizaliwa kwa mamia katika jimbo letu, Mungu akituhurumia, bado tutahitaji mtu anayeishi pale kijijini, anayejua nani ameugua, nani ameacha kusali na kwa nini, nani alimtukana nani kwenye mazishi. Maarifa hayo hayaletwi na gari la parokia.

Sasa niingie kwenye historia kidogo, maana hapa Malindi tuna sababu yetu wenyewe ya kulifikiria jambo hili. Wageni wakija tunawapeleka kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti na makaburi uani, kisha kule kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, tunawaeleza habari za 1498, Vasco da Gama alipofika hapa. Ninayetaka kumkumbuka mimi alipita miaka arobaini na minne baadaye. Mwaka 1542 meli iliyokuwa ikielekea Goa ilitia nanga hapa, na ndani yake alikuwemo mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Kwa barua aliyoiandika Septemba mwaka huo, tunajua mambo mawili yaliyomkuta Malindi. Kwanza, alimzika mtu aliyefia melini, na Waislamu wa mji waliupenda utaratibu wetu wa kuzika. Pili, mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, alimjia na swali lililokuwa likimsumbua. Mji una misikiti kumi na saba, alisema, na inayosaliwa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Je, kwenu Wakristo watu bado wanasali kwa bidii?

Nimelisoma swali hilo mara nyingi, na kila mara namhurumia yule mzee. Swali lake ni la mchungaji. Ndilo tunaloulizana sisi leo baada ya kila Kipaimara, tunapoona watoto tuliowafundisha miaka miwili wakipotea wiki ileile waliyopakwa mafuta. Fransisko alimjibu kwa ukali wa enzi zake, kwamba Mungu hapokei sala za wasioamini. Alikuwa mtakatifu, na hapo hakumsikiliza mwenzake. Karne nne zilipita mpaka Kanisa, tarehe 28 Oktoba 1965, lilipotamka rasmi mbele ya ulimwengu kwamba linawatazama Waislamu kwa heshima, watu wanaomwabudu Mungu mmoja, aliye hai, mwenye rehema. Nyinyi mnaohudumu Lamu mnajua tamko hilo linagharimu nini. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, kule Lamu, ya Juni 2014, ambako washambuliaji waliwalenga wasio Waislamu, kumwamkia jirani kwa jina lake lilikuwa tendo la imani. Makatekista walioendelea kwenda matangani kwa Waislamu, na masheikh waliokuja kukaa na wafiwa Wakristo, walifanya kazi ambayo hakuna kamati ingeweza kuifanya.

Lakini Fransisko huyohuyo alitufundisha jingine. Alipofika kusini mwa India, kwa wavuvi wa lulu, aliona hawezi kukaa kila kijiji. Akaweka katika vijiji watu wa palepale: wafundishe watoto sala, wabatize walio katika hatari ya kufa, walitunze kanisa. Na akawalipa. Fedha alizipata kwa kuomba zile zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya viatu vya Malkia wa Ureno. Mtakatifu huyu aliyekanyaga mchanga wetu alichukua pesa za viatu vya malkia akawapa makatekista, kwa sababu alijua mwalimu wa watoto naye ana watoto.

Basi tuongee juu ya pesa, maana tukiliruka hili mengine yote ni mapambo.

Mtaguso, katika ile hati ya umisionari, ulisema kwamba makatekista waliojitoa kikamilifu wapate ujira wa haki, maisha ya staha na hifadhi ya jamii. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 231, inasema walei waliojitolea kwa huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya malipo yanayowafaa, ya kuwatosha wao na familia zao, pamoja na bima na matibabu. Limeandikwa neno haki. Sasa nendeni mkamwulize katekista wa kigango mara ya mwisho alipewa nini. Nimekaa na mmoja, baba wa familia, anayesuka makuti na kuyauza ili apate nauli ya bodaboda ya kwenda kuchukua Ekaristi parokiani. Mwezi ambao makuti hayakununuliwa, watu hawakupata Komunyo. Hakuwa analalamika. Alinieleza tu kama mtu anavyoeleza habari za mvua. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nikashindwa kulala.

Najua jibu: jimbo letu ni changa na halina fedha. Ni kweli. Lilizaliwa tarehe 2 Juni 2000, likakatwa kutoka Jimbo Kuu la Mombasa na Jimbo la Garissa. Maaskofu wetu wawili wa kwanza walikuwa Wakapuchini wa Malta, na huko kwao walituombea msaada mwingi. Askofu Lagho alitoka kwa mapadre wa Mombasa, na pamoja naye tumeingia wakati wa kujitegemea. Kujitegemea maana yake tuanze na tulicho nacho na tukiweke mezani. Kila kigango kinapeleka sadaka parokiani. Je, kigango kinasomewa hesabu? Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha. Hati ya mwisho ya Sinodi inataka mabaraza ya ushiriki yawe ya lazima, na inasema kwa uwazi kwamba uwajibikaji ni sehemu ya maisha ya Kanisa. Mkisomewa hesabu mkaona kweli hakuna, mtavumilia pamoja. Mkiona kipo kidogo, mtakubaliana nani aanze kupata. Waamini wetu si wachoyo. Wanachoka kutoa bila kujua.

Sasa nafika kwenye jambo zito, na naomba tutulie.

Aprili 2023 dunia nzima ililijua jina la msitu wetu. Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, watu waliokufa kwa njaa wakiamini kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Miili ililetwa hapa Malindi, na wengine wenu mlikuwa kule hospitalini mkikaa na familia zilizokuja kutoka Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa. Kila nikilitaja hili nawaona wale akina mama wameshika picha za pasipoti. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro. Mahakama inafanya kazi yake, nami sina la kusema juu ya kesi. Nina la kusema juu yetu.

Waliokwenda msituni walikuwa watu wa sala. Walikuwa na Biblia. Wengi walikuwa na majeraha: ndoa iliyovunjika, ugonjwa usio na jina, deni, mtoto aliyekufa. Walitafuta mtu wa kuwasikiliza na kuwaambia Mungu anasema nini juu ya maisha yao, wakampata aliyewajibu kwa uhakika usio na shaka hata chembe. Sisi tulikuwa na nini cha kuwapa? Pale palipokuwa na katekista aliyefunzwa, mwenye muda na heshima, mtu alikuwa na mahali pa kuuliza. Pale ambapo kigango kilifungwa mwezi mzima, swali lilitafuta jibu kwingine.

Kwa hiyo mafunzo ya katekista ni suala la uhai na mauti, na nasema hivyo nikiwa na maana ya maneno yenyewe. Chukueni kufunga tu. Mkristo wetu mara nyingi hajui Kanisa linafundisha nini. Mfundisheni. Siku za mfungo wa lazima ni mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wanaofungwa na sheria hiyo ni watu wazima, kuanzia miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wao wa 60. Mlo mmoja kamili unaruhusiwa, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Mtoto hadaiwi. Mgonjwa hadaiwi. Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, hadaiwi. Kanisa lililoanzishwa na Bwana aliyefunga siku arobaini ndilo hilohilo linalomwekea mwenye njaa sahani mbele yake. Mtu akija kijijini kwenu akawaambia mtoto asile ili aokoke, msianze kubishana naye juu ya Kitabu cha Ufunuo. Mpigieni chifu simu, kisha mkakae na wazazi wa yule mtoto.

Na mfundisheni hili pia: mhubiri gani ametumwa na nani, na nani anaweza kumwambia umekosea? Katekista anatumwa na askofu, anakaguliwa na paroko, anakaa na baraza, anaishi kati ya majirani wanaomjua tangu utoto. Kuna wakati tunaona mamlaka hayo ni mzigo. Ni ulinzi kwa waamini. Na kwa kuwa ni ulinzi, lazima uende pande zote: padre naye asikie anapokosea, katekista naye asikie, na mtoto au mama aliyeumizwa na mtu wa Kanisa aaminiwe na asindikizwe hadi polisi, jina la aliyemwumiza liwe kubwa kiasi gani. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao wanachofikiri kwa faida ya Kanisa. Wasomeeni waamini kanuni hiyo kigangoni. Isisomwe na wanafunzi wa seminari peke yao.

Jambo jingine linalotuhusu, na nitalipitia kwa kifupi ingawa linaniuma. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zimekuwa ushahidi. Na mara nyingi ukichimba chini ya neno uchawi unakuta shamba. Katekista yuko hapo, anajua uvumi ulianza kwa nani. Nawapa jina la mtu wa kumwomba: Mwenyeheri Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu mkuu, katekista, baba wa familia. Mwaka 1990 radi zilipiga kijiji chao, watu wakaamua kuchanga pesa za kumlipa mganga awataje wachawi. Wakataka randi tano kwa kila mmoja. Daswa alikataa, akasema radi ni radi. Tarehe 2 Februari walimvizia barabarani wakamwua. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2015. Mchango unapopitishwa kijijini kwenu kwa shughuli kama hiyo, katekista asiwe wa kunyamaza, wala asitoe chake eti aepushe maneno.

Wenzetu waliotutangulia ni wengi. Daudi Okelo na Jildo Irwa, vijana wadogo wa kaskazini mwa Uganda, waliuawa Paimol Oktoba 1918 wakifundisha dini. Na Oktoba 19, 2025, Papa Leo alimtangaza mtakatifu Peter To Rot wa Papua New Guinea. Huyu alikuwa katekista aliyeoa. Wakati wa vita Wajapani waliwafunga wamisionari wote, naye akabaki na watu peke yake: akasalisha, akabatiza, akaandaa ndoa, akatembelea wagonjwa, mpaka walipomkamata na kumwua gerezani mwaka 1945. Angekuwa kiraka, Kanisa lake lingekufa siku padre alipopelekwa kizuizini. Halikufa.

Niseme juu ya akina mama, maana naona zaidi ya nusu ya waliokaa hapa ni wanawake. Huduma ya katekista imefunguliwa kwenu sawasawa na kwa wanaume, na vilevile usomaji na utumishi wa altare. Hati ya Sinodi, aya ya 60, inasema hakuna sababu wala kizuizi cha kuwanyima wanawake nafasi za uongozi katika Kanisa, na kwamba suala la ushemasi wa wanawake linabaki wazi. Mimi namwombea kila anayelichunguza suala hilo. Lakini yale ambayo hayahitaji kuchunguzwa tena tuyafanye. Kuna vigango ambako mama amefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi, na siku askofu anapofika, anayetambulishwa kama katekista ni mwanamume aliyeanza juzi. Wenyeviti, hilo liko mikononi mwenu, na linaweza kwisha Jumapili ijayo.

Nimebakiza maisha ya kiroho. Wengine mtaona nimeyaweka nyuma. Nimeyaweka hapa kwa sababu yanamhusu katekista akiwa peke yake, baada ya watu wote kuondoka.

Mtu anayesikiliza shida za watu kila wiki anajaa. Anabeba siri. Anasalisha wengine mpaka sala yake mwenyewe inakauka, anafika mahali anasoma Injili akiwaza tu atakachowaambia watu. Nimewasikia wengi wenu mkisema hivyo kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi. Ni uchovu, na una tiba yake. Asubuhi, kabla hujashika jembe, kabla hujafungua simu, soma Injili ya siku na usiiandalie mahubiri. Isome kama mgonjwa anavyosoma jina la dawa yake. Kaa kimya nayo. Neno moja litakushika. Tembea nalo shambani. Jioni, angalia siku yako mbele ya Mungu: wapi nilimwona, wapi nilimkimbia. Hiyo ni njia ya watakatifu, na haihitaji kitabu ghali. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwisho mkubwa, wa Oktoba 2024, aliturudisha kwenye Moyo Mtakatifu wa Yesu. Bibi zetu waliokuwa wakisali Ijumaa ya kwanza ya mwezi walikuwa hapo zamani. Msiwacheke. Kaeni nao, wanajua kukaa mbele ya Mungu bila kuwa na la kusema.

Na katekista awe na mtu wake wa kumsikiliza. Padre, sista, katekista mkongwe, yeyote anayejua kutunza siri. Naomba mapadre mliopo: mkifika kigangoni mkamaliza Misa na maungamo, kabla hamjapanda gari, mkae na katekista nusu saa, na msimwulize hesabu ya sadaka wala idadi ya wabatizwa. Mwulizeni anasalije. Mwulizeni mke wake hajambo.

Alasiri hii mtakaa kwa makundi ya dekania, yaani parokia za jirani pamoja. Karatasi mlizopewa zina maswali sita, na swali la malipo limewekwa la mwisho, kama ilivyo kawaida yetu, ambapo muda huisha kabla halijafikiwa. Naomba muanze nalo. Kila kundi liandike mambo matatu: kigango chetu kinatoa kiasi gani kwa mwezi, katekista wetu anatumia kiasi gani kutoka mfukoni mwake, na nini tunaweza kuanza kulipa kuanzia mwezi ujao, hata kama ni nauli ya kwenda kuchukua Ekaristi tu. Kisha mtaje jina la katekista mmoja wa kila kigango, mama au baba, anayefaa kuombewa kwa askofu awekwe rasmi katika huduma hii. Makatibu wakusanye karatasi kabla ya saa kumi, nami nitakaa pale mlangoni kuzipokea.